Furu wa Mwalimu: kwa nini picha haitoshi kumtaja samaki mmoja wa Ziwa Victoria

Nenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, alfajiri, popote kati ya Mwanza na Ukerewe, chungulia ndani ya beseni la samaki wadogo wanaoenea kiganjani, kisha uulize jina lao. Utajibiwa kwa neno moja: furu. Ukivuka kwenda Kisumu, Wajaluo watakwambia fulu, na upande wa Uganda utasikia nkejje. Nchi tatu, majina matatu, na kila jina limebeba mzigo uleule: spishi zinazokadiriwa kufika 500 ambazo sokoni hupimwa kwa sado moja na kukaangwa kwenye kikaango kimoja.

Kwa mlaji hakuna shida. Shida huanza pale mtu anapomwona mmoja aliyejitenga na wenzake, mwekundu mgongoni, njano ubavuni, mistari myeusi imesimama mwilini, akampiga picha na kuuliza: huyu ni furu gani? Swali linaonekana jepesi. Angekuwa sangara, mtoto wa darasa la pili angelijibu. Kwa furu, watu wamelisomea hadi shahada ya uzamivu na bado hawajalimaliza.

Nitamfuata huyo mwekundu mmoja mwanzo hadi mwisho. Amekusanya karibu kila utata unaoweza kumkuta mtu anayetaka kumtaja furu kwa jina, tena jina lenyewe linatuhusu. Vitabuni anaitwa Pundamilia nyererei.

Mwaka 1977 kikundi cha watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, kilianza kuwachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza, kikishirikiana na wenzao wa Tanzania. Walichokuta ni samaki wengi kuliko majina. Nyavu zilikuwa zikitoka na sura ambazo hazikuwa zimeandikwa popote, wakalazimika kuzipa majina ya kazini, ya kuandika daftarini ili kazi isikwame, huku majina rasmi yakisubiri. Mengine yalisubiri sana: samaki mmoja aliyekuwa akiitwa "argens" kwenye madaftari hayo aliandikwa rasmi mwaka 2013. Huyu mwekundu alikuwa na bahati zaidi. Mwaka 1985 watafiti Witte-Maas na Witte walimtangaza kwa jina Haplochromis nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Julius Nyerere, ambaye mwaka huohuo aling'atuka urais.

Mwaka 1998 mtafiti Ole Seehausen na wenzake wakatoa kazi kubwa kuhusu furu wanaoishi kwenye mawe. Humo waliunda jenasi mpya, yaani makundi ya spishi zilizo ndugu, mojawapo wakaiita Pundamilia kwa sababu ya ile mistari, na nyingine Mbipia, kutokana na mbipi, jina ambalo wenyeji huwaita furu wa mawe. Ndiyo maana ukisoma jina la kisayansi la jamaa wa karibu wa samaki wetu, Pundamilia pundamilia, unajikuta umesoma Kiswahili mara mbili mfululizo. Si haba kwa lugha ambayo wengi hudhani haina kiti kwenye karamu ya Kilatini.

Basi ukikuta kitabu kimoja kimeandika Haplochromis nyererei na kingine Pundamilia nyererei, usidhani ni samaki wawili. Samaki ni yuleyule. Wanaobishana ni wataalamu, na ubishi wao unahusu ukubwa wa kapu: wengine wanataka furu karibu wote wabaki katika jenasi moja pana, wengine wanataka wagawanywe. Neno la pili, nyererei, ndilo linalomfuata samaki popote anapohamishiwa.

Kwanza hakikisha ni furu

Siklidi, familia kubwa yenye furu, sato, ngege na perege, wana alama moja ambayo ukishaonyeshwa huisahau tena: tundu moja tu la pua kila upande wa uso. Samaki wengi wengine wana mawili kila upande. Alama ya pili ni ule mstari wa vitundu vidogo ubavuni, ambao samaki hutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa siklidi wengi umekatika. Kipande cha kwanza hupita juu, karibu na mgongo, kisha kinakoma. Cha pili huanzia chini kidogo na kuendelea hadi mkiani. Sangara mchanga, hata akiwa mdogo kama furu, mstari wake unakwenda moja kwa moja bila kukatika.

Baada ya hapo mtenge na sato mchanga. Hapa wengi huteleza, maana vifaranga vya sato huvuliwa pamoja na furu na hulingana nao kimo. Sato mchanga huwa na doa jeusi kwenye sehemu laini ya pezi la mgongoni, kule nyuma, na mkia wake una mistari myembamba iliyosimama. Furu dume yeye ana madoa ya mviringo, ya njano au ya rangi ya chungwa, kwenye pezi la chini lililo nyuma ya njia ya haja. Madoa hayo yanafanana na mayai, na maelezo yaliyozoeleka kuhusu kazi yake ni haya: jike hutaga na kuyaokota mayai kwa mdomo papo hapo, kisha akiyaona madoa ya dume huyadonoa kana kwamba ni mayai aliyoyasahau, na katika kudonoa huko anapokea mbegu za kiume. Mayai yanarutubishwa yakiwa mdomoni, na humohumo ndimo yanamoanguliwa. Mvuvi anayemtoa jike majini na kuona watoto wakimwagika kutoka kinywani asidhani amewala.

Niseme neno moja kuhusu majina ya mtaani kabla hatujasonga, kwa sababu yanaweza kumpoteza mtu hata pale samaki ni mkubwa na anaonekana wazi. Ngege wa asili wa Ziwa Victoria ni Oreochromis esculentus, samaki aliyekuwa akivuliwa kwa wingi kuliko wote zamani. Sato, yaani Oreochromis niloticus, si mwenyeji wa ziwa hili; aliletwa miaka ya 1950. Ngege wa asili akapungua hadi karibu kutoweka katika ziwa kuu, na sasa anapatikana zaidi katika vijiziwa vya kando kama Kanyaboli nchini Kenya. Lakini jina lake halikufa naye. Leo Kisumu ukiagiza ngege utaletewa, mara nyingi, yule aliyemrithi. Mzee wa miaka 80 na mjukuu wake wanaweza kutaja ngege mezani, kila mmoja akawa na samaki tofauti kichwani. Kwa hiyo jina la mwaloni ni ushahidi mzuri wa samaki anavyotumika na ladha yake, lakini halitoshi kukwambia ni spishi gani.

Rangi inayosema na kudanganya

Kinachomtangaza nyererei ni rangi, na rangi hiyohiyo ndiyo inayowaponza wanaomtambua.

Dume aliyekomaa, mwenye eneo lake analolinda kati ya mawe, ana mgongo mwekundu wa kuiva, pezi la mgongoni jekundu, ubavu wa njano uliokatwa na mistari myeusi, na sehemu ya chini ya mwili iliyogeuka nyeusi. Pundamilia pundamilia, jamaa yake, ana mistari ileile na weusi uleule wa chini, ila ubavu wake ni wa kijivu na pezi la mgongoni linang'aa kwa buluu. Waweke madume hao wawili katika tangi moja la kioo na hakuna atakayekosea.

Sasa waweke majike. Wote wawili ni wa rangi ya udongo iliyochanganyika na njano, wenye mistari hafifu, na hata mtu aliyewazoea kwa miaka anaweza kusita. Kumbuka kwamba katika beseni lile la mwaloni walio wengi ni majike, vijana wasiokomaa, na madume ambao hawajapata eneo. Dume asiye na eneo hupauka na kufanana na jike. Akishinda ugomvi na kupata jiwe lake, anaivaa rangi upya, akinyang'anywa, anaivua. Rangi ya furu inafanya kazi kama sare ya cheo: inakwambia leo huyu ni nani mbele ya wenzake, na kesho inaweza kubadilika.

Halafu akifa inapotea. Dakika chache nje ya maji zinatosha wekundu kufifia, na akilowekwa kwenye dawa ya kuhifadhia, njano na nyekundu huondoka kabisa. Samaki wa makumbusho wote huishia kuwa kahawia. Hili lilikuwa na athari kubwa kuliko linavyoonekana. George Boulenger, aliyewaandika furu wengi mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa London akipokea samaki waliokwisha kulowekwa na kusafirishwa. Aliwaona wakiwa maiti za kahawia. Spishi mbili zinazotofautiana kwa rangi ya dume peke yake, kwake zingekuwa moja, na asingekuwa na namna ya kujua.

Ndiyo maana picha ya samaki aliyekufa kwenye ndoo ya plastiki, iliyopigwa kwa juu, mapezi yamelala, haimsaidii mtu yeyote. Watafiti humweka furu akiwa hai katika kijitangi chembamba cha kioo, wakambana taratibu hadi akatulia na mapezi yamefunguka, wakampiga picha ya ubavu mzima kabla hajapauka. Kazi ya dakika mbili, na thamani yake inashinda maelezo ya kurasa kumi.

Mdomo unasema anakula nini

Kama rangi haiaminiki, kwa nini tusitazame mifupa? Ndivyo alivyofanya Humphry Greenwood, Mwingereza aliyefanya kazi Jinja, Uganda, miaka ya 1950 na kuendelea kuwaandika furu kwa miaka mingi baadaye. Yeye aliwapanga kwa taya na meno, na mpangilio huo bado unatumika kwa kiasi kikubwa, maana mdomo wa furu ni kama sanduku la fundi: ukiona vifaa unajua kazi.

Anayekwangua mwani juu ya mawe ana meno mafupi yaliyosongamana mistari kwa mistari, kama brashi. Anayekula samaki wenzake ana taya ndefu na meno yaliyochongoka yaliyoachana. Yuko anayechomoa konokono kwenye gamba lake, yuko anayelivunja gamba lenyewe, na wapo wale ambao ukisikia habari zao mara ya kwanza unadhani umetaniwa: wanaishi kwa kuwanyang'anya majike wengine mayai na watoto waliomo vinywani mwao.

Siri ya yote imefichwa kooni. Siklidi ana taya la pili, ndani ya koo, na la chini limeungana kuwa mfupa mmoja wa pembetatu wenye meno yake. Taya la mdomoni linakamata, la kooni linatafuna. Kwa kuwa kazi zimegawanywa, kila taya limekuwa huru kubadilika bila kumlaza mwenye nalo na njaa, na wengi wanaamini hilo ni mojawapo ya mambo yaliyowawezesha siklidi kuzaliana spishi nyingi hivi. Mvunja konokono ana meno ya kooni bapa na manene kama magego. Mla mwani ana meno membamba kama nywele.

Lakini hata hapa kuna mtego, na Greenwood mwenyewe ndiye aliyeuonyesha. Astatoreochromis alluaudi ni samaki wa ziwani anayevunja konokono, mwenye mfupa wa kooni mzito. Akifugwa kwa chakula laini tangu utotoni, mfupa huo unakua mwembamba na magego hayatokei. Spishi moja, sura mbili za koo, kwa sababu ya chakula tu. Na muda nao unabadilisha mwili. Haplochromis pyrrhocephalus, furu mdogo anayekula viumbe wadogo wanaoelea majini, alipungua vibaya miaka ya 1980 sangara walipofumuka ziwani. Alipoonekana tena kwa wingi miaka ya baadaye hakuwa yuleyule kwa vipimo: kichwa kimepungua, matamvua yamepanuka kwa zaidi ya nusu, na chakula chake kimebadilika. Ilichukua miongo miwili tu. Mtu anayelinganisha samaki wa leo na vipimo vya kitabu cha mwaka 1975 anaweza kutangaza spishi mpya ambayo haipo.

Kwa nyererei wetu mdomo unasaidia nusu. Yeye hula zaidi viumbe wanaoelea majini, pundamilia hula zaidi wadudu na mabuu wanaojificha kwenye mawe, na tofauti ndogo za kichwa na taya zinaendana na hilo. Tofauti hizo hupimwa kwa kalipa na hesabu. Kwa jicho la mtu aliyesimama mwaloni hazionekani.

Uliza ametoka wapi, na kina gani

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Laiti ningeruhusiwa kuuliza swali moja tu kuhusu furu asiyejulikana, nisingeuliza rangi. Ningeuliza: amevuliwa mawe yapi, na maji ya kina gani?

Furu wa mawe hawatembei. Kati ya kisiwa na kisiwa kukiwa na mchanga na maji yenye kina, kwao hiyo ni kama jangwa. Kila kisiwa cha mawe kina kundi lake, na kundi la kisiwa kimoja huweza kutofautiana kidogo na la jirani kwa wekundu, kwa upana wa mistari, kwa njano ya ubavu. Ndiyo maana wafugaji wa samaki wa mapambo Ulaya na Marekani, ambao wamempenda sana nyererei, hawaandiki jina la spishi peke yake kwenye tangazo. Huongeza kisiwa: Makobe, Ruti, Python. Mtu wa Chicago ambaye hajawahi kukanyaga Mwanza anaweza kukutajia visiwa vya ghuba yetu ambavyo Wasukuma wa Shinyanga hawajavisikia. Wafugaji makini pia hawawachanganyi wa visiwa viwili katika tangi moja, maana wakizaana, watoto hawana anwani tena.

Na kina je? Maji ya Ziwa Victoria yana tope na mwani, na mwanga wa buluu humezwa mapema. Kadiri unavyoshuka, mwanga unaobaki ni wa machungwa na nyekundu. Pundamilia wa buluu anaishi maji mafupi karibu na ufuo, ambako rangi zote bado zipo. Nyererei mwekundu anaishi chini zaidi, katika mwanga uliokwisha kuwa mwekundu. Na macho yao yamefuata. Katika jicho la samaki kuna protini inayopokea mwanga mwekundu, na jeni yake ina matoleo mawili: lililo la kawaida kwa samaki wa juu, na lingine, linalopokea wekundu vizuri zaidi, ambalo limeenea kwa wa chini. Jike wa chini anaona dume mwekundu vizuri, anamchagua. Jike wa juu anamwona wa buluu, anamchagua huyo. Utafiti huo, uliotolewa mwaka 2008 na Seehausen na wenzake, umekuwa mfano mashuhuri duniani wa namna jicho peke yake linavyoweza kusaidia kugawa spishi moja kuwa mbili.

Kinachonivutia zaidi ni kile kinachotokea mwanga unapoharibika. Watafiti hupima uangavu wa maji kwa kisahani cha rangi kinachoshushwa kwa kamba hadi kipotee machoni. Makobe, kwenye maji ya wazi, kisahani hushuka zaidi ya mita mbili kabla ya kupotea. Ukiingia ndani ya Ghuba ya Mwanza na kuelekea kusini, maji yanazidi kuwa mazito, na kwenye kisiwa cha Luanso kisahani hupotea kwenye nusu mita hivi. Makobe nyekundu ni nyekundu na buluu ni buluu, samaki wa kati kwa kati ni nadra mno. Kwenye visiwa vya Python na Kissenda, katikati ya safari hiyo, wa kati wanaonekana. Luanso hakuna makundi mawili tena. Kuna kundi moja la samaki wa rangi za katikati, wasio wekundu sawasawa wala wa buluu sawasawa, na majike wao hawachagui.

Jambo hilo lilijaribiwa maabara kabla, na matokeo yalitangazwa mwaka 1998. Majike wa spishi zote mbili, wakiwa kwenye mwanga mweupe, walipendelea madume wa kwao. Taa ikabadilishwa ikawa ya rangi ya chungwa, inayofanya mwekundu na wa buluu waonekane sawa. Upendeleo ukapotea. Na watoto wa mchanganyiko hawana kasoro: wanaishi na kuzaa kama kawaida. Uzio uliokuwa ukitenganisha spishi hizi mbili ulikuwa ni macho, na macho yanahitaji maji maangavu. Mbolea inayooshwa kutoka mashambani, udongo wa vilima vilivyokatwa miti, maji taka ya miji inayokua, vyote vinaingia ziwani, vinalisha mwani, vinafifisha mwanga. Sangara amelaumiwa sana, na kwa haki, kwa furu waliotoweka miaka ya 1980. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa ni spishi kama 200. Lakini sangara hali furu aliyejibana kati ya mawe kirahisi. Furu wa mawe wana adui mwingine, asiye na meno, anayewayeyusha spishi mbili kuwa moja bila kuua samaki hata mmoja.

Kwa hiyo ukiletewa samaki wa Luanso ukaulizwa ni nyererei au ni pundamilia, jibu sahihi ni kwamba swali limekosewa.

Basi tupime DNA

Ndilo pendekezo la kila mtu siku hizi. Kata kipande kidogo cha pezi, kitie kwenye spiriti, peleka maabara, subiri jibu. Kwa samaki wengi duniani njia ya haraka inafanya kazi vizuri: unasoma kipande kifupi cha DNA, unakilinganisha na hazina ya kumbukumbu, jina linatokea. Hata minofu iliyogandishwa dukani imewahi kuumbuliwa hivyo.

Kwa furu wa Ziwa Victoria njia hiyo inagonga mwamba. Tope la chini ya ziwa linaonyesha kwamba lilikauka na kujaa upya miaka takribani 15,000 iliyopita. Kwa hesabu za mageuzi ya viumbe, huo ni muda wa kupepesa jicho. Spishi hizi ni ndugu wa karibu mno, na kile kipande kifupi hakijapata muda wa kutofautiana. Utakachojibiwa na maabara ni: furu. Umelipa fedha nyingi kwa neno ambalo mwaloni ulipewa bure.

Ukisoma DNA nzima mambo hubadilika, na hapo ndipo samaki wetu mwekundu alipotoa habari ambayo hakuna aliyeitarajia. Kazi zilizotolewa mwaka 2017 na mtafiti Joana Meier na wenzake zilionyesha mambo mawili. La kwanza, furu wote hawa walitokana na kuchanganyika kwa makundi mawili ya kale ya siklidi, moja lenye nasaba ya upande wa Kongo na jingine la upande wa Nile ya juu. Mchanganyiko huo uliwapa mtaji mkubwa wa jeni tofauti tangu mwanzo, ndiyo maana waliweza kugawanyika haraka hivyo. Zile jeni za macho ni sehemu ya mtaji huo.

La pili linahusu visiwa. Ungedhani wekundu wa Python ni ndugu wa wekundu wa Makobe, na wa buluu wa Python ni ndugu wa buluu wa Makobe. Ndivyo macho yalivyosema, na ndivyo ilivyoandikwa kwa miaka. DNA ikakataa. Pundamilia waliingia ghubani kwanza. Baadaye wakaja nyererei kutoka nje, wakachanganyika nao, likawa kundi moja la machotara. Kisha kundi hilo, humohumo ghubani, likagawanyika upya kuwa wekundu wa chini na wa buluu wa juu, kwa rangi zilezile na kina kilekile kama kule Makobe. Mwekundu na wa buluu wa Python wana undugu wa karibu wao kwa wao kuliko kila mmoja alivyo na mwenzake wa rangi moja kule Makobe.

Wekundu wa Python na wekundu wa Makobe wanafanana kama mapacha, wala si ndugu wa baba na mama mmoja. Mtu mwenye picha nzuri, jinsia sahihi, meno yaliyopimwa na kina kilichoandikwa bado angewapa jina moja, na asingelaumiwa.

Kwenye maandishi ya watafiti hao, samaki wa Python wameandikwa kwa jina la kazini, lenye maana ya "anayefanana na nyererei", na mwenzake wa buluu "anayefanana na pundamilia". Madukani kwa wafugaji bado wanauzwa kwa lebo ya zamani: nyererei, kisiwa cha Python.